Kabla fundi hajapanda juu: kukagua bima na dhamana za mkandarasi wa paa Kigoma

Kigoma watu wengi hupaua kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni adimu, mbao zinakauka vizuri na gari la mabati linafika mpaka saiti, kwa hiyo mafundi wazuri wanagombaniwa. Katika kugombania huko mwenye nyumba huonyeshwa fotokopi ya cheti chenye muhuri, akaitikia, akatoa advansi. Ukaguzi wa bima na dhamana ufanye Aprili au Mei, haraka isije ikakushika. Unahitaji simu chache, barua pepe mbili tatu na uvumilivu wa kusubiri majibu.

Shika jambo moja tangu mwanzo: karatasi haithibitishwi na aliyekuletea, inathibitishwa na aliyeitoa. Cheti cha bima kinathibitishwa na kampuni ya bima, usajili unathibitishwa na bodi, dhamana ya mabati inathibitishwa na kiwanda. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi yenyewe usiitumie. Tafuta namba au anwani kwenye tovuti ya taasisi husika, maana aliyeghushi karatasi hashindwi kuandika namba ya rafiki yake.

Unampa nani kazi?

Kampuni ya ukandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Omba namba ya usajili, kisha itafute mwenyewe kwenye orodha ya Bodi mtandaoni au uulize ofisini kwao. Linganisha jina herufi kwa herufi. Angalia aina ya ukandarasi na daraja: makandarasi wa majengo wana daraja la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi. Halafu uliza kama ada ya mwaka huu imelipwa, kwa sababu asiyelipa anaweza kufutwa huku cheti chake cha zamani bado kinaning'inia ukutani.

Tatizo linalosumbua zaidi ni leseni ya kuazima. Cheti ni cha kampuni halali, lakini anayekuja saiti ni mtu mwingine kabisa, aliyepewa nakala na jamaa yake. Paa likivuja, kampuni itasema haijawahi kukufahamu. Dawa yake ni kulinganisha majina manne: jina kwenye cheti cha CRB, jina kwenye usajili wa BRELA (wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara), jina kwenye hati ya bima, na jina la akaunti unayotakiwa kulipa. Yote manne lazima yawe ya kampuni moja. Akikwambia "nitumie kwenye namba yangu, kampuni ni yetu," simamisha mazungumzo mpaka akuletee barua ya kampuni inayomruhusu kusaini na kupokea malipo, kisha uipigie kampuni kuuliza kama barua ni yao.

Nyumba nyingi za Gungu, Mwanga, Katubuka na Ujiji hazipauliwi na kampuni. Hupauliwa na fundi na vijana wake. Huyo hana cheti cha CRB wala bima, na wapo wenye mikono mizuri kuliko kampuni. Usimkatae kwa hilo peke yake. Ila ujue kwamba kinga ambayo kampuni ingekuja nayo, hapa utaitengeneza wewe. Tutafika huko.

Bima: nani analipa mambo yakiharibika?

Jiulize maswali matatu. Kijana akianguka kutoka kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), nani anamtibu na kumfidia? Bati likiruka likamjeruhi jirani, nani analipa? Na paa likibomoka katikati ya kazi, hasara ni ya nani? Kila swali lina bima yake, na mkandarasi anaweza kuwa na moja akakuaminisha kwamba anazo zote.

Swali la kwanza ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mwajiri anatakiwa kujisajili na kuchangia, na mchango unatoka kwake, mfanyakazi hakatwi. Omba vitu viwili: cheti cha usajili WCF, na uthibitisho wa malipo ya miezi ya karibuni. Cheti bila malipo kinakuonyesha tu kwamba siku moja alijisajili. Kisha omba orodha ya majina ya watakaopanda juu ya nyumba yako. Kampuni nyingi zina wafanyakazi watatu wa kudumu na kuokota vibarua saba asubuhi ya kazi, na hao saba ndio wanaobeba mabati kwenye ngazi. Mkataba uandike kwamba kila atakayepanda, hata kibarua wa siku moja, ni mwajiriwa wa mkandarasi na si wako. Usiwalipe vibarua wewe mwenyewe mkononi, hata mkandarasi akiomba umsaidie. Ukifika ubishi wa nani alikuwa mwajiri, aliyelipa ujira anaweza kutazamwa kama mwajiri.

Swali la pili linahusu bima ya madhara kwa watu wengine. Mji wa Kigoma umejengwa kwenye miteremko: uwanja wako mara nyingi uko usawa wa paa la jirani wa chini. Bati lenye urefu wa mita tatu likimponyoka fundi, halidondoki uani kwako, linateleza mpaka kwake. Ujiji nako nyumba zimebanana na watoto wanapita uchochoroni mchana kutwa. Bima hii kampuni ndogo nyingi hazina, na ndiyo ya kusisitiza kuliko zote kama nyumba yako iko mteremkoni au imepakana na njia.

Swali la tatu hujibiwa na bima ya mkandarasi ya hatari zote, inayokatwa kwa mradi mmoja au kwa mwaka mzima. Inagusa kazi yenyewe na vifaa vilivyo saiti. Kwa nyumba ya kawaida ni nadra kuikuta. Kwa ghorofa, zahanati au bwalo la shule iombe.

Hati ikishafika mkononi, isome yote. Cheti cha ukurasa mmoja hakitoshi; omba na masharti yake, maana ukurasa wa mbele husifu na kurasa za ndani hunyima. Anza na shughuli iliyokatiwa bima. Ikiwa imeandikwa "kupaka rangi na ukarabati mdogo wa ndani", kupaua hakumo. Tazama kama kuna kikomo cha urefu kutoka ardhini. Baadhi ya hati hazifidii kazi inayozidi mita kadhaa kwenda juu, na kwa fundi wa paa hati hiyo ni bure. Tazama eneo: bima iliyokatwa kwa saiti ya Dar es Salaam au Mwanza haihami kuja Kigoma mpaka kampuni ya bima ikubali kwa maandishi. Tazama tarehe ya mwisho, kisha ongeza mwezi mmoja kwenye muda aliokuahidi fundi, kwa sababu mabati yakichelewa njiani au mbao zikiisha Kasulu, kazi itasogea na bima itabaki nyuma. Tazama kikomo cha fidia kwa tukio moja, na kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe kabla kampuni haijatoa shilingi. Kiasi hicho kikiwa milioni mbili na ukuta wa jirani uliovunjika ni wa milioni moja na nusu, bima haitoi kitu.

Sehemu ya mambo yasiyofidiwa ndiyo inayowaumiza watu. Kazi mbaya yenyewe kwa kawaida haifidiwi: fundi akipiga skrubu vibaya paa likavuja, bima haimlipii kurudia. Inaweza kulipa dari na godoro lililolowa, na hata hapo isome hati. Mvua iliyoingia wakati paa limefunuliwa bila turubai nayo mara nyingi haifidiwi. Kwa hiyo kama unabadilisha paa la zamani na watu wanaishi ndani, mkataba useme turubai ziwe saiti kabla bati la kwanza la zamani halijang'olewa, na kwamba kisifunuliwe kipande kikubwa kuliko kinachoweza kufunikwa siku hiyohiyo.

Halafu thibitisha. Kampuni za bima na mawakala wao husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Hakikisha kwanza kampuni ina leseni, tumia mfumo wa uhakiki wa TIRA mtandaoni pale hati ina namba ya kuhakikiwa, kisha iandikie kampuni ya bima moja kwa moja. Barua fupi kama hii inatosha:

"Naomba kuthibitishiwa kuhusu hati ya bima namba ___ iliyotolewa kwa ___. (1) Je, hati hii ni yenu na iko hai leo? (2) Je, ada yake imelipwa yote? (3) Je, inahusu kazi ya kuezeka paa, kwa urefu wa mita ___ kutoka ardhini, katika mtaa wa ___, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kuanzia tarehe ___ hadi ___? (4) Kikomo cha fidia kwa madhara ya watu wengine ni kiasi gani, na mwenye bima hujibebea kiasi gani? (5) Je, mtanijulisha ikiwa hati itafutwa kabla ya tarehe hizo?"

Swali la pili usiliruke. Kuna hati zilizotolewa kwa malipo ya awamu, na mkandarasi akakoma baada ya awamu ya kwanza. Swali la tano nalo lina maana kubwa: mtu anaweza kukata bima, akakuonyesha, kisha akaifuta wiki inayofuata. Jibu la simu halitoshi. Omba barua pepe kutoka anwani ya kampuni, uichape na kuibana na mkataba.

Kama unatumia fundi wa mtaani, ulizia kampuni za bima kuhusu bima ya ajali binafsi kwa kikundi kwa muda wa kazi tu. Inakatwa kwa majina, inalipa kifo, ulemavu na matibabu hadi kikomo kilichoandikwa. Utahitaji majina kamili na namba za vitambulisho vya NIDA vya wote watakaopanda. Nani alipe ada mkubaliane. Hata ukilipa wewe yote, bado ni nafuu kuliko kugharamia mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo. Bima hiyo haiondoi hitaji la mikanda ya usalama, kamba na ngazi nzima. Fundi asiye na hata mkanda mmoja, bima yoyote utakayokata itakuwa ya kungojea ajali.

Dhamana: tatu tofauti zinazoitwa jina moja

Ukisikia "bati hili lina gerentii miaka kumi na tano," uliza: ya nini, ya nani, na nani anapanda kulikagua?

Dhamana ya kiwanda inahusu bati lenyewe: kutoboka kwa kutu na kuchujuka kwa rangi. Haihusu kuvuja kwenye kofia (bati la kilele cha paa), kwenye bonde la paa (pale miteremko miwili inapokutana) wala kwenye tundu la skrubu. Mara nyingi thamani yake hupungua kila mwaka, hivyo bati likiharibika mwaka wa kumi hulipwi bei nzima. Soma kama inagharamia usafiri na ufundi wa kuling'oa na kulipiga jipya. Hapa umbali una bei yake: kutoka Dar es Salaam kwa reli ya kati ni kama kilomita 1,250, na dhamana inayosema "mteja atachukua bati mbadala kiwandani" imekuachia mzigo mzito. Uliza pia nani atakuja Kigoma kukagua, na ndani ya siku ngapi baada ya kutoa taarifa.

Mambo yanayoiua dhamana hii yako mikononi mwa fundi wako, ndiyo maana uisome kabla ya kumwajiri na umsainishe kwamba ameyasoma. Kukata bati kwa grainda huunguza tabaka la kinga ukingoni, na cheche zikitua juu ya rangi zinaacha madoa yanayoota kutu baada ya mvua chache. Bati likatwe kwa mkasi wa bati au mashine ya kunyofoa. Vumbi la kuchimba matundu lifagiliwe jioni ileile. Skrubu ziwe za aina aliyotaja mtengenezaji, zenye mpira. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, zile za kijani, zikigusana na bati zikiwa bado mbichi huharakisha kutu, kwa hiyo ziache zikauke kwanza. Masharti mengi pia hayafidii bati lililo kwenye maeneo yenye chumvi ya bahari. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, usikubali muuzaji akunyime dhamana kwa sababu unaishi Kibirizi au Bangwe. Ila ukijenga Uvinza jirani na panapochemshwa chumvi, liseme wazi tangu mwanzo na upate jibu kwa maandishi.

Kadi ya dhamana ikiwa tupu ni karatasi tu. Ijazwe dukani ukiwapo: jina lako, eneo la nyumba, tarehe, namba ya risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), idadi ya mabati, rangi, unene na namba ya uzalishaji iliyochapwa chini ya bati. Piga picha maandishi hayo kwenye mabati matatu manne kabla hayajapanda. Fundi akikununulia, risiti isitoke kwa jina lake, kwa sababu ukidai miaka sita baadaye, kwa kiwanda mteja atakuwa yeye. Ipigie ofisi ya kiwanda uulize kama duka hilo ni wakala wao.

Na unene usiuandike kwa geji peke yake. Geji kubwa ni bati jembamba, hilo linajulikana, lakini vipimo vya geji vimetoka nchi tofauti, na "geji 28" ya huyu si lazima iwe sawa na ya yule. Andika milimita, useme kama ni kabla au baada ya rangi, na andika uzito wa tabaka la kinga: AZ150 ni gramu 150 za mchanganyiko wa alumini na zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili pamoja, na AZ100 ni 100. Bati likifika, lipime kwa maikromita. Nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) iwepo, lakini kuwepo kwake kusikuzuie kupima.

Dhamana ya pili ni ya ufundi, na hutolewa na mkandarasi. Hii ndiyo utakayoihitaji zaidi, kwa sababu paa jipya likivuja, sababu huwa kwenye maungio mara nyingi kuliko kwenye bati. Tazama muda wake kwa kalenda ya Kigoma. Dhamana ya miezi mitatu kwa kazi iliyokabidhiwa mwanzoni mwa Juni inaisha kabla tone halijaanguka. Ya miezi sita kutoka Julai inaisha Januari, mvua bado mbichi. Usihesabu miezi, andika tarehe: "hadi 31 Mei" ya mwaka unaofuata, ili msimu mzima kuanzia Oktoba uwe ndani.

Mkandarasi ataweka pia maneno "isipokuwa majanga ya asili". Kwa mji wetu, ambako pepo za mwanzo wa mvua huezua nyumba, maneno hayo yanaweza kumeza dhamana nzima. Usibishane naye kuhusu upepo. Andika kazi inavyotakiwa kufungwa, ili ikiezuka iweze kukaguliwa. Mbao ya ukutani, ile inayolala juu ya ukuta kubeba kenchi, ifungwe kwenye linta (mkanda wa zege juu ya kuta) kwa nondo au mikanda ya chuma iliyolazwa wakati wa kumimina zege, si kwa msumari. Kila kenchi ifungwe kwenye mbao hiyo. Skrubu zipigwe kila mgongo wa bati kwenye kingo za chini, kwenye kofia na kwenye maungio. Katikati, mgongo mmoja ndiyo mmoja siyo. Bati la juu lilalie la chini sentimita 15 au zaidi, na paa likiwa la mlalo mdogo, 20 na zaidi. Haya yakiwa kwenye mkataba, akishindwa kuyatimiza kosa ni lake, upepo uwe umevuma au haukuvuma. Paa lililofungwa sawasawa likang'oka na dhoruba, hilo ni la bima ya nyumba yako, si la fundi.

Dhamana ya tatu hutolewa na benki au kampuni ya bima kwa niaba ya mkandarasi: ya malipo ya awali, au ya utekelezaji wa kazi. Kamati za shule, misikiti na makanisa ziombe ya malipo ya awali kabla ya kutoa advansi kubwa. Angalia kama inalipwa kwa kudai tu au mpaka uthibitishe kosa, na kama tarehe yake ya mwisho haitangulii ya kumaliza kazi. Iandikie benki yenyewe kuithibitisha.

Fedha za zuio

Dhamana ya ufundi isiyo na fedha nyuma yake ni ahadi, na mtoa ahadi anaweza kuhamia Mpanda. Zuia sehemu ya malipo. Kwenye kazi kubwa kuzuia asilimia 5 hadi 10 ya mkataba ni jambo la kawaida. Kwa fundi wa mtaani anayelipwa ufundi tu, asilimia 10 ni ndogo mno kumrudisha saiti. Ombeni 15 hadi 20. Tuseme ufundi ni shilingi 2,000,000. Mpe 400,000 akianza, 500,000 kenchi zikisimama na kufungwa na wewe ukaziona kabla hazijafunikwa, 500,000 mabati na kofia vikikamilika, 200,000 baada ya kumwaga maji kwa mpira nusu saa kwenye kila bonde na ungio huku mtu yuko darini na tochi. Zilizobaki 400,000 zikae mpaka 31 Mei.

Fundi ana haki ya kuogopa kwamba hutamlipa. Fedha hizo ziwekwe kwa mtu mnayemwamini wote wawili, au zigawanywe: nusu mwishoni mwa Desemba baada ya mvua za kwanza kubwa, nusu Mei. Mkataba usainiwe mbele ya mashahidi wa pande zote na nakala moja ibaki ofisi ya mtendaji wa mtaa, ukiwa na picha za vitambulisho, namba za simu na jina la mdhamini wake.

Andika na utaratibu wa kudai. Ukiona uvujaji, piga picha yenye tarehe, tuma ujumbe wa maandishi siku hiyohiyo, mpe siku saba za kuja. Asipofika, mtumie ujumbe wa pili wenye siku tatu, kisha una ruhusa ya kumwita fundi mwingine na kumlipa kutoka kwenye zuio, risiti ikibaki. Usipandishe mtu mwingine kabla siku hizo hazijaisha. Atasema aliyeharibu ni huyo wa pili. Na ikifika 31 Mei paa likiwa kavu, pandeni wote wawili, kagueni kofia, mabonde na skrubu zilizolegea, mkaze zinazohitaji kukazwa, msaini hati ya kumaliza na umpe fedha yake siku hiyo.